Jina Ndani ya Mfuniko

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kisarawe, nilizisikia saa kabla sijaona hata moja. Nilikuwa nimetoka juani, macho yamejaa giza, na chumba kizima kinagonga kama mvua inayoanza juu ya makuti.

"Usiguse kitu," sauti ikasema. "Sikiliza. Moja inaumwa. Ipi?"

Huyo alikuwa Fundi Mkuu. Alinifundisha kibano, tone la mafuta kwenye ncha ya sindano, na kioo cha jichoni, kile kinachokuza meno ya gurudumu yakawa kama msumeno. Duka letu lilikuwa na desturi: saa ikishatengenezwa, jina la mwenyewe huchorwa kwa sindano ndani ya mfuniko wa nyuma. "Saa zinafanana," alisema. "Wenyewe hawafanani."

Nilipohamia duka la Kibaha, Msimamizi wa huko alinicheka. "Bwana fundi, humo ndani unamwandikia nani barua?" Niliendelea kuchora.

Sasa nimestaafu, nipo Mkuza, na mtoto wa jicho amenikaa. Juzi alikuja Zuhura kutoka Masaki, na saa ya marehemu baba yake, Mzee Salumu, ambaye Zuhura alimuuguza peke yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kaka zangu wameniita mwizi kwenye arobaini ya baba. Eti saa yake nimeuza, hii nimeokota Kariakoo."

"Baba yako alikuwa mteja wetu Kisarawe. Kama ni yake, ilipita dukani kwetu. Jina limo."

"Ukisema wewe, watasema nimekununulia soda. Wanataka kuona."

Basi nikaamua kuipiga picha, kazi ambayo sikuwahi kuifanya. Nilifungua mfuniko, nikabandika kioo changu cha jichoni kwa plasta mbele ya kamera ya simu yake. Picha ya kwanza ilikuwa ukungu: kwa karibu vile, hata pumzi ni tetemeko. Nikaegemeza simu kwenye kinu. Ya pili ilijaa nyuzi za kitambaa changu, nene kama kamba za katani. Nikapuliza. Ya tatu, chuma kilikuwa cheupe tupu, kwa kuwa nilikuwa nimeweka taa juu kabisa, kama mezani kazini.

"Halipo," akasema Zuhura.

"Lipo. Kaa."

Nikazima taa, nikafunga madirisha. "Acha mlango wazi, upana wa kiganja." Mwanga ukaingia ubavuni, ukalala juu ya chuma, na kila mkwaruzo ukapata kivuli chake. Tukapiga tena.

SALUMU. Herufi zimepinda, za mwanafunzi. Zangu.

Zuhura alilia kidogo, kisha akacheka. "Fundi, mwandiko wako mbaya!"

"Ndio kwanza nilikuwa najifunza. Haya, watumie."

"Siwatumii. Nawapelekea, waitazame nikiwa nimesimama mbele yao."

Ninyi mnaoanza ufundi huu, nilidhani kustaafu ni kuweka kibano chini. Kumbe kazi za zamani huja zenyewe mlangoni, kuuliza kama ulizifanya kweli.

Nilirudisha mfuniko, nikaijaza ufunguo. Akajifunga saa ya baba yake mkononi. Niliisikia ikienda naye hadi kizingitini, kisha mlango ukafungwa.