Safari ya Njiru Kutafuta Nakala za Meza Tatu

Naandika safari hii kwa ajili ya majirani wa ploti yetu, hasa wale walioniona nikitoka mbio asubuhi na viatu vya ofisini mkononi wakadhani nimefutwa kazi. Sikufutwa. Nilikuwa naenda kutafuta vitabu ambavyo mimi mwenyewe nilisahau kuagiza, na niliwahi kuvaa viatu kabla sijafika langoni.

Mimi ni karani wa muda katika ofisi ndogo ya serikali hapa Buruburu. Kazi hii sikuisomea popote. Nilijifunza kuandika barua za kiofisi kwa kufungua mafaili ya zamani na kuziiga barua zilizomo, koma kwa koma. Ndiyo maana nazipenda kanuni. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hushika kanuni kama mwogeleaji mgeni anavyoshika ukingo wa bwawa.

Kanuni za kuomba nakala za machapisho rasmi nazijua kwa moyo. Ofisi iombe kwa barua kabla kazi haijaingia mtamboni. Itaje idadi na sababu. Isiombe zaidi ya mahitaji yake. Nakala ikifika igongwe muhuri, na isihamishwe kwenda ofisi nyingine. Atakayechelewa asubiri uchapaji ujao.

Mara hii tuliomba rasimu ya kanuni za vibanda vya barabarani, ile inayosema nani atauza wapi na mpaka saa ngapi. Barua niliiandika mimi. Nilihesabu maafisa wetu mmoja mmoja, nikaomba nakala moja kwa kila mmoja, bila hata moja ya ziada. Mkuu wetu, Bi. Wambui, aliisoma akacheka. "Nuru, barua hii ni safi mpaka naogopa kuitia sahihi." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu aliyevaa koti jipya.

Koti lilinitoka jana alasiri. Nilikuwa ukumbini nikitandika vitambaa juu ya meza tatu, kwa sababu leo wachuuzi walialikwa kuja kuisoma rasimu kabla ya kikao cha maoni. Meza ya wauza nguo, meza ya wauza chakula, meza ya mafundi. Mama Salma, anayeuza leso na madera kando ya barabara kwa jumla na rejareja, aliingia kuchungulia. Miwani yake imefungwa kwa uzi mwekundu.

"Meza zimependeza," akasema. "Na vitabu viko wapi?"

Nikazitazama meza. Zilikuwa na vitambaa tu.

Nilikuwa nimewahesabu maafisa wote, na wananchi nikawasahau.

"Viko kwa simu pia, mama," nikajaribu.

"Kwa simu herufi zinanikimbia kama kunguni. Nataka karatasi, mwanangu. Nataka niweke kidole pale waliponiandika. Nisiposoma kesho, siku ya kikao nitakuwa wa kupiga makofi tu." Akanitazama juu ya miwani. "Tumekubaliana wote kufunga vibanda kesho saa nane tuje. Usituangushe."

Nikamwahidi. Tangazo la kikao lilikuwa wazi: kila meza iwe na nakala iliyochapishwa na kugongwa muhuri, fotokopi haikubaliki, la sivyo usomaji hauhesabiki. Nikarudi ofisini kuwaomba maafisa wetu zao. Mmoja alikuwa ameijaza namba za simu za mafundi wa paa. Mwingine ameifunika kwa karatasi ya kaki kama kitabu cha shule, akaandika jina lake kwa herufi kubwa na kuisimamisha mezani mgeni aione anapoingia. "Hii ni ya meza," akanieleza kwa upole. "Si ya kushikwashikwa." Ni Bi. Wambui peke yake aliyenipa yake. "Hiyo ni meza moja," akasema. "Mbili utajua mwenyewe. Jaribu ofisi ya mtaa wa Tena."

Asubuhi, Tena. Nilivuka daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara ya Outer Ring, chini yangu magari yakipigiana honi, nikapitia vichochoro vya Tena ambako kila lango lina ua jekundu lililopanda ukutani na mtu anayefagia mbele yake. Ofisi ya huko iko katika nyumba ya chini. Mtunza stoo wake ni Bwana Odhiambo, mwanamume mpana, mtulivu, mwenye kikombe cha chai kisichoisha. Nyuma yake kulikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati nikaziona: rasimu, zimepangwa, zimegongwa muhuri, hazina kazi.

"Zimebaki?" nikauliza.

"Zimebaki."

"Naweza kuazima mbili, Bwana Odhiambo? Ni za wananchi kusoma leo."

Akanywa chai. "Kanuni inasema nakala ya ofisi..."

"...isihamishwe kwenda ofisi nyingine," nikammalizia.

"Ala! Kumbe unaijua?"

"Naijua."

"Basi umekuja kufanya nini hapa?"

Nilitaka kulia, na papo hapo nilitaka kumpa mkono, kwa sababu alikuwa amejibu vile ambavyo ningejibu mimi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama ningekuwa upande ule wa dawati, Mama Salma angekosa nakala kwangu pia.

Aliniona nimekunja uso, akalainika kidogo. "Nenda Njiru umwone Madam Khadija. Yule huisoma kanuni mpaka nyuma ya karatasi."

Barabara ya Kangundo. Nilichukua bodaboda pale njia panda. Kijana mwenye pikipiki alinitazama kupitia kioo chake.

"Sasa, msupa. Mbona sura ya matanga? Umeachwa?"

"Natafuta vitabu."

"Vitabu? Wengine wanatafuta waume, wewe vitabu. Panda, Njiru ni hapo tu."

Haikuwa hapo tu. Lakini siku ilikuwa na jua zuri, na kadiri tulivyosonga mbele ndivyo majengo yalivyokuwa mapya zaidi, mpaka tukafika mahali ambapo nusu ya nyumba zilikuwa bado zina miti ya kushikilia zege. Malori ya mawe yalitupita na kutuachia vumbi jeupe. Kijana aliniambia kwamba Njiru ukilala wiki moja ukiamka hujui kwenu. Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Njiru. Ofisi iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la saruji na misumari. Madam Khadija ni mrefu, amevaa buibui na raba nyeupe za mazoezi, na hasemi polepole. Kabla sijamaliza salamu alikuwa ameshaniuliza kama nimekula, ameshaamua kwamba sijala, na ameshanipa chai ya maziwa yenye iliki na mandazi mawili kwenye karatasi. Nakala za rasimu zilikuwa pale pale mezani. Niliusogeza mkono wenye mandazi mbali nazo kama mtu aliyebeba moto.

"Unaogopa nini?"

"Mafuta, Madam."

"Hm." Akaniangalia vizuri. "Haya, sema."

Nikamweleza yote: barua yangu safi, meza tatu, Mama Salma, kabati la Tena. Nikamaliza kwa kumsomea kanuni ya kutohamisha nakala, ili asidhani nimekuja kumdanganya.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sasa nikuulize. Ukumbi wenu ni ofisi?"

"Ni ukumbi."

"Na kanuni inasema nini kuhusu nakala za kusomwa na wananchi?"

"Ziwekwe mahali panapofikika, chini ya uangalizi wa afisa wa ofisi iliyozipokea."

"Imetaja mtaa?"

Nikafikiri. Nilipitia kila kifungu kichwani, kimoja baada ya kingine. "Haikutaja."

"Basi. Wasomaji wa hapa walimaliza juzi. Leo nataka wasomaji wa Buruburu. Nakala hazihami, Nuru. Zinabaki za Njiru, mikononi mwa Njiru, na muhuri wa Njiru uko ndani ya mkoba wangu. Mimi ndiye ninayetembea."

Halafu hofu yangu ya kawaida ikafika. "Lakini si lazima tuandike barua ya kueleza?"

"Lazima kabisa. Andika wakati navaa koti."

Wanaonijua wanaelewa uzito wa jambo hilo. Barua moja hunichukua siku nzima. Niliandika ile kwa mkono, nikakosea neno katikati, nikalikata kwa mstari mmoja na kuendelea. Nilitaka kuanza upya. Madam Khadija aliichukua kabla sijapata karatasi nyingine, akaisoma, akaitia sahihi.

"Kuna neno nimelikata," nikamwambia.

"Nimeliona. Twende."

Adhuhuri, kurudi. Pikapu ya duka la chini ilikuwa inapeleka saruji Umoja, dereva akatubeba mbele. Nilizipakata nakala mbili zilizofungwa ndani ya mtandio wa Madam Khadija ili vumbi la saruji lisizifikie. Tulipokaribia Tena akamwomba dereva apitie kwa Bwana Odhiambo. "Siwezi kupita hapa bila kumchokoza," akasema.

Alimkuta alivyo, na kikombe. "Odhi! Nasikia unalinda kabati."

"Nalinda kanuni, Madam."

"Mimi nimezibeba zangu, naenda kuketi nazo Buruburu kama afisa. Wewe endelea kulinda vioo."

Bwana Odhiambo alimtazama, akanitazama, akatazama kabati. Kisha akamimina chai iliyobaki kwenye chungu cha maua, akafungua kabati, akatoa nakala kadhaa na muhuri wake.

"Subirini nivae kofia," akasema.

Njiani nilishindwa kujizuia. "Bwana Odhiambo, mbona asubuhi hukuniambia jambo hili linawezekana?"

"Wewe uliniuliza kama vitabu vinaweza kuja," akajibu. "Hukuniuliza kama mimi naweza kuja."

Madam Khadija alicheka mpaka dereva akageuka kumwangalia.

Saa nane kasoro, Buruburu. Wachuuzi walikuwa wameshajaa nje ya ukumbi, wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na madebe yao. Bi. Wambui alikuwa mlangoni akitazama saa. Alipotuona tukishuka kwenye pikapu ya saruji, nywele zangu nyeupe kwa vumbi la Kangundo, alivuta viti.

Nikapanga: Bi. Wambui meza ya chakula na nakala ya Buruburu, Madam Khadija meza ya nguo na za Njiru, Bwana Odhiambo meza ya mafundi na za Tena. Nilikata vipande vya karatasi nikaandika jina la kila ofisi na kuvisimamisha mbele yao. Muuza viazi karai alisoma vile vibao vitatu, akamgeukia mwenzake. "Kumbe serikali ikitaka inakuja yote kwa siku moja!"

Mama Salma hakungoja kukaribishwa. Aliketi, akafunga uzi wa miwani upya, akaanza kupekua, akilamba kidole kila ukurasa. Mimi nilisimama nyuma yake nikijifanya napanga viti. Kidole kikasimama.

"Hapa. Wauza nguo." Akasoma kwa sauti, taratibu. Akainua kichwa. "Wameandika nifunge saa kumi na mbili jioni. Madam, watu wa Buruburu hushuka kutoka kazini saa ngapi?"

"Baada ya hapo," akasema Madam Khadija.

"Sasa nitamuuzia nani leso? Paka?" Wanawake wa meza ile, mandazi na chai mkononi, wakaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka mjadala, na mjadala ukavuta watu wa meza nyingine. Bwana Odhiambo alikuwa ameshavua kofia, anamsomea fundi wa viatu kifungu kimoja kwa mara ya pili, akifuata mstari kwa kijiko cha chai. Mama Salma aliomba kalamu, akajiandikia nyuma ya kiganja namba ya kifungu. "Siku ya kikao," akaniambia, "mimi ndiye wa kwanza kusimama."

Jioni. Watu walipotawanyika nilienda kukusanya nakala, na moyo ukashuka. Moja ya zile za meza ya nguo ilikuwa imekunjwa pembe. Ukurasa wa saa za kufunga ulikuwa na alama za vidole vya mafuta, mstari mzima, na duara la chini ya kikombe. Nilimpelekea Madam Khadija nikiwa nimeishika kwa mikono miwili.

"Naomba radhi, Madam. Tulikupa meza yenye mandazi."

Aliichukua, akaifungua, akaipekua kwa kidole gumba. Kurasa za mwanzo zilikuwa nyeupe. Za mwisho nyeupe. Ule mmoja tu ndio ulikuwa mchafu.

"Si unaona?" akasema. "Hata wasingeandika maoni, tungejua waliposimama." Akaitia mkobani na muhuri wake, akaniaga, na yeye na Bwana Odhiambo wakaondoka wakibishana ni nani alikuwa na wasomaji wengi zaidi.

Nimerudi nyumbani nikapita kwenu nyote bila kueleza, kwa hiyo ndiyo haya. Barua yetu ijayo ya kuomba nakala nimeshaianza. Mstari wa kwanza wa mahitaji ni wananchi, maafisa wanafuata. Neno moja nimelikosea, nimelikata, na sijaanza upya.

Ofisini, kwenye droo yangu, ninayo nakala yangu mwenyewe. Nilijiombea pamoja na maafisa kwa sababu karani naye huhesabiwa, na tangu ifike sijaitoa kwenye plastiki yake nisije nikaichafua. Jana, nilipokuwa nikiwaomba wengine zao, haikunijia hata kidogo kwamba ile nayo ni nakala. Kesho asubuhi nitanunua mandazi mawili pale kona, nitaichana plastiki, na nitaanza kusoma kabla sijanawa mikono.