Glasi Iliyoanguka Ndani ya Kaseti

Juzi, hapa Nchiru, nilikuwa nikiosha vyombo nyuma ya hoteli. Mwanafunzi mmoja akaweka simu yake mezani, ikaanza kucheza jazi: piano, besi na ngoma, bila mwimbaji. Nikasimama na sufuria mkononi, nikingoja mtu akohoe ndani ya wimbo. Hakuna aliyekohoa.

"Na wewe unaskiza nini?" akanicheka. "Hii si muziki ya watu wa sufuria."

Mimi si mwepesi wa maneno. Nilirudi kwa sufuria zangu. Lakini wewe nitakuambia.

Nililelewa na nyanya yangu, Cucu, upande wa Manyatta. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Ujanani alikuwa weita katika klabu moja ya Nairobi, na siku watu watatu waliporekodiwa wakicheza pale, yeye ndiye aliyebeba sinia. Baadaye walimpa kaseti ya muziki wa siku hiyo. Cucu aliitunza ndani ya kopo la majani ya chai, na ilinukia chai.

Piano ilianza polepole, kama mtu anayevuka matope akichagua pa kukanyaga. Besi ilimfuata nyuma. Ngoma ilisikika kama Cucu akipepeta maharagwe kwenye ungo. Ukitega sikio ulisikia viti vikisogezwa, mzee akikohoa, mwanamke akicheka. Halafu katikati ya wimbo wa pili, glasi inaanguka, pwaa! Piano inanyamaza, kisha inaijibu kwa sauti tatu ndogo za utani, na klabu nzima inapiga makofi.

"Huyo ni babu yako," Cucu alisema kila mara, akijivuna. Hatukuwa na picha yake hata moja. Tulikuwa na hiyo glasi.

Nilipokuwa darasa la tatu, kanisani kwetu waliamua kuchoma vitu vya dunia. Ukiwa na hirizi au kanda za disko, ulizileta Jumapili, zikatiwa moto nje baada ya ibada. Jirani yetu, aliyeongoza kikundi cha akina mama, akaja nyumbani.

"Mama, hiyo kaseti ni ya baa. Uilete Jumapili."

"Mimi nimeokoka kabla yako," Cucu akamjibu. "Na siku niliyookoka, kaseti hii ilikuwa inacheza."

"Basi hatutakuja kuchuma kwako."

Hayo hayakuwa maneno madogo. Kahawa ilikuwa imeiva, na akina mama walichuma kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sisi tulikuwa wawili tu, na kahawa isiyochumwa hukaukia mtini.

Jumapili Cucu alienda kanisani mikono mitupu, akaketi benchi la mbele, akaimba kuliko wote. Jumatatu alitundika redio yetu ya kaseti kwenye mti wa kahawa, akatia kaseti ya babu, akafungua sauti mpaka mwisho.

"Wacha wasikie."

Tulichuma siku tatu, vidole vikawa vyeusi. Siku ya nne jirani alikuja mpaka kwenye ua, akasimama amekunja mikono. Glasi ikaanguka, piano ikaijibu, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Lakini bado ni ya baa," akasema.

"Ndiyo," Cucu akasema. "Chukua ndoo."

Akachukua. Wenzake hawakuja, na nusu ya kahawa ilikauka mwaka huo. Sikumsikia Cucu akijuta hata mara moja.

Sasa Cucu hayupo. Miti ya kahawa iling'olewa, na pale redio ilipotundikwa pana vyumba vya kupangisha. Redio yenyewe ilikufa. Kaseti ninayo chumbani, ndani ya kopo lile lile, na sina pa kuichezea. Ninayeishi naye ananiambia niitupe. Siitupi.

Na mwanafunzi yule akirudi, safari hii nitaweka sufuria chini nimwambie: wimbo wako ni msafi, ndugu yangu, lakini wangu una weita ndani, na alipigiwa makofi.