Nilibandua Raba ya Kibao cha Mwenzangu

"Kama raba yake imekufa, mbona wewe hujawahi kumfunga?"

Kocha aliniuliza hivyo mbele ya timu nzima, ukumbini chuoni kwetu Iringa. Mimi niliyebishana na wahadhiri, nikabishana na mchungaji, nikabishana hata na daktari aliyekuwa ananitibu, siku hiyo nilikwepa. Nikacheka. Nikasema, "Bahati tu, kocha."

Bahati! Mjinga mkubwa mimi.

Nimekosa, na sitaki mtu anifariji. Nimechoka kuambiwa "lakini ulikuwa na nia njema". Someni kwanza, halafu mniambie hiyo nia njema ilikaa wapi.

Mwenzangu nitamwita Tumpe. Si jina lake. Nimeshamfanyia ya kutosha, sitamwongezea na hili. Ni Mnyakyusa ambaye wazazi wake walihamia Madibira kulima mpunga. Mimi ni wa Mbeya mjini. Tulicheza tenisi ya meza timu moja na kulala chumba kimoja hosteli.

Kibao cha Tumpe upande mmoja kilikuwa na raba nyekundu ya kawaida. Upande wa pili raba ilikuwa nyeusi, inateleza kama sahani iliyotoka kuoshwa. Haikushika kitu. Na ndio upande aliopokelea mipira yote migumu! Yeye aliweka kibao tu, taratibu, bila kusugua, na mpira ukakurudia wa ajabu. Ukiupiga unazama wavuni. Nilizama wavuni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

"Tumpe, hii raba imekufa," nilimwambia. "Itupe."

"Imekufa, ndiyo," akasema, anacheka mpaka anashika tumbo. "Ila wanaozikwa ni ninyi."

Nilikasirika. Nimesoma fizikia, jamani! Raba isiyo na msuguano haiwezi kuuzungusha mpira, na mpira usiozunguka ni mboga. Nikaamua kwamba wapinzani wanamwogopa bure.

Kisha binamu yangu akanitumia kutoka Dar raba mbili za spini, za kuzungusha mpira, nyekundu na nyeusi. Nyekundu nikaibandika kwenye kibao changu. Ee Mungu, raba ile! Ilikuwa inanata. Unagusisha mpira, unainua kibao, mpira unaning'inia kidogo ndipo unadondoka. Ukiusugua kwa juu unapaa, unapita juu ya wavu umejikunja, unazama mezani, halafu unaruka mbele kama umesukumwa. Nikianzisha kwa kukata, mpinzani anaugusa, unamtoroka pembeni.

Ubaya wake pia niliujua. Raba ya namna hiyo inashika mzunguko wako na wa mpinzani vilevile. Mpira ukikujia unazunguka na wewe ukaweka kibao tu bila kusugua, unakwenda darini. Inamtaka mtu wa kushambulia. Na vumbi letu la Iringa linaiua. Kila ukimaliza kucheza unaifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuifunika nailoni. Hayo yote niliyajua! Ningekuwa sijui ningelala vizuri.

Tukaenda Mbeya kwenye mashindano ya kanda. Wasichana wawili walikuwa wanatafutwa waende mashindano ya taifa Dodoma. Mimi nilipata nafasi yangu Jumamosi asubuhi. Tumpe alikuwa acheze Jumapili baada ya ibada. Alikuwa mwaka wa mwisho. Akimaliza chuo anarudi Madibira, na kule kwao, alisema, meza ya kuchezea hakuna, labda uweke wavu juu ya gunia la mpunga.

"Nikifika Dodoma, hata nikipigwa, nitakuwa nimefika," aliniambia. Alikuwa hatanii.

Jumamosi mchana akaenda Uyole kwa mama yake mdogo kusukwa nywele. Begi akaliacha chumbani.

Kocha alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiigiza kwa sauti yake: "Kibao cha mwenzio ni kama mswaki wake. Atakayekigusa hana timu." Niliikumbuka wakati nafungua zipu. Nikajiambia, sheria za watu wasiofikiri.

Niliibandua raba ile nyeusi huku naimba. Ndiyo, naimba! Gundi ya zamani ilikuwa imekaza, raba ikachanika katikati. Nikabandika ile yangu nyeusi ya kunata, nikaikata pembeni vizuri, nikaifunika nailoni. Kule nje mlinzi alikuwa anachoma takataka. Vipande vya raba ya Tumpe nikavitupia motoni.

Nilitaka kumsaidia. Hilo ni kweli. Nilitaka pia kumthibitishia kocha kwamba swali lake lilikuwa la kipuuzi. Hilo ni kweli zaidi.

Jumapili tukiwa tunapasha mwili, kocha yuko kwenye kikao cha waamuzi, Tumpe akatoa kibao. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Nani kagusa kibao changu?"

"Zawadi hiyo!" nikasema. "Utaniambia ndaga fijo ukishashinda." Asante sana, kwa Kinyakyusa.

Hakucheka. "Yangu iko wapi?"

"Ile si ilikufa? Nimeitupa."

"Umeitupa wapi?"

"Imeungua, Tumpe. Achana nayo, hii ni bora mara mia."

Akanitazama. Macho yale bado ninayo. Wakamwita jina, akaenda mezani.

Mpinzani wake alikuwa binti wa Mbeya, mshoto, anazungusha mpira kweli kweli. Akaanzisha. Tumpe akaweka kibao kama alivyozoea miaka yote. Mpira ukaruka ukapita meza na kumpita mwamuzi. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu akajaribu kuinamisha kibao, ukazama wavuni. Ukumbi wa watu wa Mbeya ukalipuka.

"Iringa, rudini mkanywe ulanzi!"

"Dada, hiyo ni chapati unageuza?"

Na mimi, mwenye akili, nilikuwa nimesimama kwenye benchi napiga kelele: "Sugua! Tumpe, sugua!" Kama vile mtu anaweza kujifunza mkono mpya huku anapigwa! Alipoteza seti zote tatu. Ile ya mwisho alitumia upande mwekundu peke yake, akikimbia huku na huku kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Mnajua nilimwambia nini alipotoka? Nilimwambia, "Sasa mbona hukusugua?"

"Ungeniuliza," akasema. "Mdomo wako haujawahi kuchoka, dada. Ungeniuliza tu."

Akaenda kunawa uso.

Nikakaa kwenye ngazi za ukumbi na simu yangu, natafuta ushahidi kwamba niko sahihi. Nikakuta kuna raba zinazotengenezwa zikiwa zinateleza, makusudi, kiwandani. Kazi yake ni kuupuuza mzunguko wa mpinzani: wewe unautuma mpira unazunguka hivi, unakurudia na mzunguko wako mwenyewe, ila sasa uko kinyume kwako. Kadiri ulivyousugua kwa nguvu ndivyo unavyozama. Nikaona picha. Ndiyo yenyewe, mpya kabisa, kwenye pakiti. Haikuwa imekufa. Ilikuwa inafanya kazi!

Jioni nilisubiri kocha aniite anifukuze. Hakuniita. Jumatatu hakuniita. Nikajiambia amedhani Tumpe alizidiwa tu, nikanyamaza. Nikaenda Dodoma na kutolewa mechi ya kwanza.

Tumpe alimaliza chuo akarudi Madibira. Simu zangu hapokei. Nilimwandikia, hakujibu. Na nikamkasirikia hata yeye! Kwa nini hakupiga kelele pale ukumbini? Kwa nini hakunishitaki, tukamaliza? Miaka yote hii nimebeba hasira ya mtu ambaye hakutukanwa.

Ninyi mnaopenda kurekebisha watu, nawaambia: acheni! Kitu cha mwenzio ukikiona kibovu na yeye anashinda nacho, funga mdomo, au ufungue kwa swali. Usiguse. Kusoma hakukupi ruhusa ya kufungua zipu ya begi la mtu. Na ukishakosa, usikae kimya ukingoja uitwe, kama nilivyokaa mimi.

Mwaka huu nilikutana na kocha sokoni Iringa. Nikamwambia yote, pale pale kwenye meza za nyanya. Akashangaa sana. Akasema Jumapili ile alimbana Tumpe nyuma ya ukumbi amtaje aliyegusa kibao chake, na Tumpe akamwambia: "Nimeibandua mwenyewe, kocha. Huyu mwenzangu usimuulize, ana safari ya Dodoma."