Nilivyolishindilia Gobori la Baba

Ndugu zangu mnaosoma, mkosaji ni mimi. Si baba yangu, kama Muleba nzima inavyosema. Ni mimi!

Nilirudi kutoka Uganda na diploma, suti ya kijivu na viatu vya ngozi. Nikatangaza kwamba nimejiinua mwenyewe, sikubebwa na mtu. Uongo mtupu! Mdogo wangu alibaki nyumbani akichuma kahawa ili mimi nisome.

Kwetu msafiri akirudi, ndugu yake hupiga gobori uani. Mlio wa shangwe ni wa baruti peke yake, bila marisau, zile risasi ndogondogo. Siku yangu, nikaingia chumbani na mdogo wangu, nikataka kulishindilia mwenyewe kwa baruti mpya niliyonunua Bukoba mjini.

"Kaka, umeangalia ndani?" aliniuliza. "Tata huliacha na marisau ya nyani." Tata ndiye Baba, kwa Kihaya chetu.

"Wee! Unamfundisha mwenye diploma?"

Akacheka. Aliniamini, maskini!

Nikamimina maradufu. Nilitaka mpaka Kanazi wasikie! Nikaziba kwa nyuzi za mgomba, nikashindilia kwa mdeki, ile fimbo ya chuma. Fimbo ikabaki imesimama juu mno, nje ya mtutu. Niliiona! Nikafurahi, nikidhani ni wingi wa baruti yangu. Kumbe chini yake kulikuwa na baruti na marisau ya Baba, yakiwasubiri nyani.

Mdogo wangu alipolipiga uani, mtutu ulipasuka mikononi mwake. Kabla hajautazama mkono wake wa kushoto, aliniuliza, "Kaka, Kanazi wamesikia?"

Mungu wangu!

Bwana Shauri, ofisa wa serikali, alipokuja kuuliza nani alishindilia, Baba alinitazama, kisha akasema, "Ni mimi, Bwana. Nimezeeka, nilisahau kwamba lilikuwa limeshashindiliwa." Nami nikainamia viatu vyangu. Nilikuwa nangoja kazi ya ualimu.

Kazi niliipata. Baba amezikwa na lawama yangu. Mdogo wangu anachuma kahawa kwa mkono mmoja, kikapu amekifunga kiunoni, na watu wakimwuliza hujibu, "Tata alisahau." Hata leo ananilinda!

Mwenzangu mwenye gobori, msomi au si msomi, teremsha mdeki kabla hujamimina chochote. Ukisimama juu, usimimine. Na mdogo wako akikuuliza kama umeangalia ndani, angalia! Usimcheke.