Siku Niliyomkimbia Baba Mkwe Mpaka Ziwani

Afadhali niwaambie mimi mwenyewe, maana mkiisikia kwa watu wa kwa mume wangu mtasikia nasifiwa, kumbe siku ile hakukuwa na sifa hata chembe, ilikuwa aibu tupu, aibu ya kulowa mpaka kwenye mizizi ya nywele mbele ya watu wanaokula wali.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, najifunza uuguzi Mbeya na nimeshachumbiwa. Ng'ombe walikuwa wameshafika kwetu Tukuyu na harusi imebaki mwezi mmoja, ila baba mkwe (jina lake silitaji, hata leo ulimi unakataa) alikuwa bado ananung'unika kwamba msichana wa shule hana adabu, na akiona dalili moja tu mbaya atakwenda kuwadai ng'ombe wake. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawali pamoja; ukimwona anakuja unaacha njia unajitosa kwenye migomba. Na mimi kijana yule nilimpenda, sikutaka mchezo.

Basi Jumamosi moja tukapata ruhusa, mimi na wenzangu wawili wa chuoni, Atupele wa kwetu Tukuyu na Debora, Mhehe wa Kihesa kule Iringa ambaye alikuwa hajawahi kuliona ziwa, tukapanda lori la alfajiri mpaka Mwaya kula samaki wa Nyasa. Tulicheka njia nzima. Hoteli yenyewe ilikuwa ya nyasi, ina baraza la mbao lililojengwa juu ya maji, halina hata ukingo wa kushika. Debora alitaka tukae ndani, mimi nikang'ang'ania barazani, tena nikaupa mlango mgongo ili nitazame meli ikipakua mizigo (huo ndio uamuzi wangu wa busara), na miguuni nimevaa viatu vya kuchuchumia vya kuazima kwa Atupele.

Mbasa akaja, samaki mnene wa kukaanga, na wali wa Kyela unanukia mpaka barabarani. Nimeshika kichwa cha samaki kwa mikono miwili, nanyonya jicho, nikamwona Debora anasimama kwa heshima. Hoteli ilikuwa imejaa na kuna mzee amekosa pa kukaa, na kwao Mhehe haachi mzee asimame huku vijana wameketi.

"Kamwene, baba," akasema. "Njoo ukae na sisi, hapa nafasi ipo."

Mzee akashukuru. Jamani, ile sauti niliijua, niliisikia nyuma ya ukuta siku ya ng'ombe. Nikajitupia khanga kichwani nikainuka nikimbie, lakini njia ilikuwa moja tu na yeye yuko katikati yake, nikaanza kujivuta pembeni pembeni mwa baraza kama kaa, kichwa cha samaki bado mkononi, mara kisigino kikaingia kwenye ufa wa mbao, nikadaka kitambaa cha meza, na tukaenda wote majini, mimi, kitambaa, sahani na wali.

Maji yalifika kiunoni tu. Lakini khanga ilikuwa imenigandia usoni, sioni kitu, nikapiga kelele kwamba nazama, na huku nimesimama. Debora akamwomba mzee asaidie kunivuta.

"Hawezi," Atupele akamwambia. "Huyo ni baba mkwe wake."

Nikalia kwa kweli, nawaona ng'ombe wanarudishwa mmoja mmoja. Kisha nikasikia tena ile sauti, lakini mbali, kwa sababu mzee alikuwa ameugeukia ukuta, kofia ameishusha machoni, anazungumza na ukuta.

"Mwambieni atoke taratibu, mimi siangalii," akasema. "Na mkifika kwao waambieni, mtoto anayejitupa ziwani kwa kuniheshimu, shule haijamharibu. Harusi ipo."

Watu wakapiga makofi. Atupele alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaolewa. Siku ya harusi mzee akaisimulia kwa sauti, na baada ya hapo kila sikukuu, mwaka hata mwaka, na kila mara ziwa linaongezeka kina, mimi niko jikoni nyuma ya ukuta nasikiliza nilivyojirusha kwa hiari, na siwezi kumsahihisha kwa sababu adabu ile ile inanikataza kumsemesha. Viatu vya kuazima sivai tena, na hotelini nakaa nikiutazama mlango. Watoto wangu walipokua wakaniuliza, mama, ni kweli ulijirusha?

Nikawaambia wakamuulize babu yao, yeye ndiye aliyekuwa haangalii.