Mteja wa Wiki ya Tatu

Kama hujawahi kuona watu wazima wakifundishwa urafiki kwa ratiba, ungepanda ngazi za ile hoteli Jumatano saa moja kamili asubuhi. Chumba cha juu, chai ya moto, wafanyabiashara arobaini wa kikao cha kupeana wateja, kadi za biashara mfukoni na meno yote nje. Kila mmoja anapewa dakika moja asimame, aseme anafanya kazi gani na anatafuta mteja wa aina gani. Mwenyekiti ana kengele mezani. Ukizidisha anaigonga, hata kama ulikuwa unamtaja marehemu baba yako.

Mshona mapazia wa kikao hicho walimwita Mama Pazia. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mitatu, aliyezoea kuongea huku ameshika pini kwa meno, na kwa kweli pini alizizoea kuliko watu. Kazi alijifunza kwenye korido ya nyumba ya dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na cherehani ya kwanza kuikanyaga ilikuwa ya dada huyohuyo. Kwa miaka kumi na minane alishonea watu wa mtaani, sebule moja hapa, chumba kimoja kule, mteja akiridhika anamleta shoga yake. Hakulala njaa, lakini hakusogea pia.

Kikao kilimsogeza, hilo tusilifiche. Hajamaliza miezi miwili, muuza samani akamuunganisha na hoteli ya vyumba thelathini, na daktari wa meno akamwita avishe madirisha yote ya kliniki yake. Mama Pazia akahama koridoni, akapanga fremu ya duka barabarani, akaajiri mafundi wawili, akaanza kutembea kifua mbele. Dada mtu alikuja kuiona fremu, akazunguka akigusa marobota ya vitambaa, akacheka peke yake kwa furaha.

Sasa, kikao kilikuwa na sheria zake. Fani moja, mtu mmoja. Mshona mapazia mwingine akitaka kuingia, anaandikwa kwenye orodha na kusubiri. Tena kila Jumatano kila mwanachama aandike kwenye karatasi ya kijani jina la mteja anayempa mwenzake. Ukimaliza wiki tatu mfululizo bila kutoa, unaachia kiti; mgeni tu ndiye husamehewa miezi mitatu ya kwanza. Mama Pazia alijua fika kwamba kwenye orodha kulikuwa na washona mapazia wawili, na kwamba mmoja wao alikuwa na mdomo kuliko yeye.

Yeye alikuwa akipokea tu. Wateja wake wa zamani walikuwa watu wa kubadilisha pazia kila baada ya miaka mitano. Angewapeleka kwa nani, kwa mwanasheria wa makampuni? Msamaha wa mgeni ulipokwisha, wiki ya kwanza aliambulia patupu. Wiki ya pili vilevile, na mwenyekiti akamwambia mbele ya wote, kwa tabasamu, "Mama Pazia, sisi tunakupenda, ila na wewe tuonyeshe kama unatupenda." Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Jumanne iliyofuata, akiwa amekata tamaa, alikumbuka kwamba dada yake alikuwa akilalamikia paa. Dada mtu alikuwa na shule ya chekechea uani kwake, watoto thelathini na wawili, na chumba kikubwa kilikuwa kinavuja pembeni. Alikuwa na fundi wake wa siku zote, mzee mmoja aliyekuwa amelazwa, na alishaamua kumsubiri apone. Kikaoni alikuwepo fundi wa paa, kijana wa mashati ya pasi, mwenye maneno matamu, aliyemwita kila mwanamke "dada yangu".

Mama Pazia akapiga simu.

"Huyo ni nani?" dada mtu akauliza.

"Tuko naye kikao kimoja. Mtu safi."

"Safi wa kuoga au safi wa kazi?"

"Wa kazi, dada."

"Kazi yake umeiona?"

"Nimeiona."

Alichokiona ni picha tatu kwenye simu ya huyo fundi, na moja ilikuwa na mtu mwingine kabisa juu ya paa.

"Basi," dada akasema. "Kama wewe umeiona, mimi sina neno."

Jumatano karatasi ya kijani ikasomwa kwa sauti na kikao kizima kikapiga makofi. Fundi wa paa akaja kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama Pazia alirudi kazini akiwa mwepesi, na siku hiyo alikata bitana ya madirisha manane bila kukosea hata moja.

Fundi alifanya kazi siku mbili. Aliezua mabati ya zamani, akapigilia mapya yanayong'aa juu ya mbao zilezile zilizooza, akapiga picha, akaenda zake. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yalipita kwenye maungio yakatuama juu ya dari la jipsamu usiku kucha. Kesho yake saa tano asubuhi dari likashuka. Bahati ilikuwa kwamba watoto walikuwa wamepangwa upande wa pili wakiimba. Mmoja tu, msichana wa miaka minne, alikuwa amerudi kuchukua kiatu chake. Alivunjika mkono.

Mama Pazia alifika hospitali roho mkononi. Alimkuta dada yake kwenye benchi la koridoni, nywele zimejaa vumbi jeupe, ameshika kile kiatu. Mama Pazia alikuwa amejiandaa kutukanwa, na laiti angetukanwa. Dada akamsogezea nafasi, akamwambia, "Tumedanganywa, mdogo wangu. Sisi wote wawili tumedanganywa."

Hapo ndipo pa kusema, na hapo ndipo aliponyamaza. Kesho yake alikwenda kuzoa matope, akanyamaza. Siku ya tatu walikula pamoja, dada akamwekea kipande kikubwa, akakila. Kila siku iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi, akawa anajiambia kesho, kesho, mpaka wiki ikaisha.

Kikaoni kulikuwa na desturi nyingine: aliyetoa mteja husimama baadaye akaeleza kazi ilivyokwenda. Waliita ushuhuda, na sijawahi kusikia ushuhuda uliokuwa mbaya. Jumatano hiyo fundi wa paa alimsubiri kwenye ngazi.

"Dada yangu, mvua ile haikuwa ya kawaida. Wewe na mimi tusiharibiane."

Mama Pazia akampita, akapanda. Jina lake lilipotajwa alisimama. Akasema dari limeanguka. Akasema mbao zilikuwa zimeoza na fundi alizifunika huku anaziona. Kisha akasema lile lililokuwa limemkaba: kwamba hakuwahi kuona kazi ya mtu huyu, kwamba alimwandika dada yake mwenyewe kwa sababu ilikuwa wiki ya tatu na hakutaka kupoteza kiti, na mtoto wa watu amevunjika mkono. Kengele iligongwa. Aliendelea mpaka akamaliza.

Fundi wa paa aliangalia simu yake. Mwenyekiti akakohoa, akasema malalamiko huandikwa yakapelekwa kwenye kamati, tafadhali, na sasa tumsikilize mwenzetu wa bima. Mama Pazia akachukua mkoba wake akashuka.

Alitembea kwa miguu hadi kwa dada yake, na njiani alijisikia nafuu. Tusimcheke, alikuwa amebeba mzigo siku nyingi. Siku hiyo saa nne kulikuwa na mkutano wa wazazi, waamue kama watawarudisha watoto. Alipanga amwambie dada kila kitu kabla haujaanza, amwombe msamaha, kisha asimame naye.

Alimkuta uani akipanga mabenchi, simu mkononi.

"Mwoka mikate amenipigia," dada akasema bila kugeuka. Mwoka mikate alikuwa mwanachama wa kikao, na mikate ya chekechea ilitoka kwake. "Anasema umeongea vizuri sana. Anasema machozi yalimlengalenga."

"Dada, nilikuwa nakuja kukuambia."

"Umeambia watu arobaini."

"Niliogopa."

"Wiki nzima uko hapa. Umezoa matope na mimi. Umekula kwangu." Akaliweka benchi chini taratibu. "Na mimi wiki nzima nakwenda kwa mama wa yule mtoto. Alitaka kwenda polisi. Nikamwambia mdogo wangu hawezi kuniletea mtu ambaye hajaiona kazi yake, namjua, nimemlea. Nimemwapia mara tatu. Akaacha kwa sababu ya kiapo changu. Na wazazi wengine nimewaapia hivyohivyo."

Lango likafunguka na wazazi wakaanza kuingia, wawili wawili, wakisalimiana kwa sauti za chini. Mama wa yule msichana aliingia na mwanawe mgongoni, mkono wa mtoto umefungwa plasta, akaketi benchi la mbele.

"Nitasema mimi," Mama Pazia akanong'ona. "Niachie, dada. Kosa ni langu."

"Utasema. Lakini mimi ndiye niliyewaapia."

Dada mtu akaenda mbele. Miaka ishirini na sita alikuwa amepokea watoto kwenye lango lile, na hakuna mzazi aliyewahi kumdai maelezo mara mbili. Alifunga vizuri kitambaa chake kichwani, akawakaribisha, akawashukuru kwa kuja.

"Wazazi wenzangu," akasema, "niliyowaambia kuhusu mdogo wangu hayakuwa kweli."

Mama wa yule msichana akainua uso. Mama Pazia alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, tayari kutazamwa vibaya, tayari hata kupigwa. Lakini mama yule hakumwangalia yeye. Alimwangalia dada mtu, akaanza kukusanya vitu vya mtoto, amwondoe shule ile.