Harusi Iliyoombewa Msamaha

Kaka yangu wanamwita Presha, na si kwa sababu ya ugonjwa. Ni msimamizi wa zamu kwenye kituo cha kusukuma maji. Mwaka wa ishirini na mbili huu anaangalia geji za presha, anafungua vali, anafunga vali, anaandika kwenye daftari la zamu. Ni mpole kupita kiasi. Hasira zote za ukoo nilizichukua mimi, na sijutii.

Pale kituoni wako watatu tu, na mitambo haiachwi peke yake hata dakika moja. Mwenzako asipofika, hutoki. Mapumziko ni siku moja kwa wiki, wenzako wawili wakigawana zamu yako. Mama alipofariki mwaka juzi, Presha alikwenda kwa meneja kuomba siku tano, maana nyumbani ni safari ya siku mbili kwenda na mbili kurudi. Meneja hakuinua hata uso. "Mbadala wako nani?" Basi. Hakuna mbadala, hakuna ruhusa. Mimi niliyekuwa tayari huko nyumbani niliwasihi watu wasubiri. Wakasubiri siku moja, wakasubiri mbili, ya tatu shangazi akaniambia, "Mwanangu, maiti hangojei zamu ya mtu." Tukamzika mama bila mwanawe wa kwanza.

Tangu hapo kaka alitaka kitu kimoja tu: mtu wa nne pale kituoni, apate siku zake tano akaone kaburi la mama. Aliandika barua saba. Hata moja haikujibiwa.

Halafu ofisi ikatangaza mafungo ya kuwanoa viongozi, siku tatu nzima, hotelini. Wasimamizi wote, lazima. Na mbadala? Ebo! Mbadala alipatikana siku hiyo hiyo, akaazimwa kutoka kituo jirani. Kumzika mama, mtu hayupo. Kwenda kurushiana mpira na watu wazima wenzako, mtu yupo! Niliposikia hivyo nilijichoma sindano kidoleni, mimi niliyeshona cherehani miaka kumi na tisa.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, amekaa kwenye kigoda changu akingoja nimpindie suruali. Siku ya kwanza waligawiwa fulana za rangi moja na kuambiwa wachore mioyo yao. Mwanamume wa miaka hamsini na moja, anachora moyo! Siku ya pili walifungwa vitambaa machoni wakaongozana bustanini ili wajifunze kuaminiana. Siku ya tatu mwezeshaji, kijana mmoja mwenye kipaza sauti kimening'inia shavuni, akawakalisha kwenye duara. Kila kiongozi amwombe msamaha mmoja aliyemkosea. Mkurugenzi mkuu naye alikuwa amekaa humo humo, anatazama nani amenoleka.

Meneja akasimama. Akamtazama kaka yangu. Machozi yakaanza kumtoka hata kabla hajafungua mdomo.

"Ndugu yangu," akasema, "nilikunyima ruhusa ya kwenda kwenye harusi ya dada yako. Miaka miwili nimelibeba hili moyoni. Nisamehe."

Niliacha kukanyaga cherehani.

"Harusi ya nani?"

"Yako, mdogo wangu."

Mimi! Mimi ambaye sijawahi kuposwa hata kwa utani! Yule bwana alikumbuka kwamba alimnyima mtu ruhusa, akakumbuka kulikuwa na jambo la familia, yaliyobaki akajijazia mwenyewe. Na machozi juu. Machozi ya mamba yana nafuu, mamba angalau anajua alichokula.

"Enhe. Ukamwambia nini?"

"Watu walikuwa wanapiga makofi. Mwezeshaji anasema tukumbatiane. Nikachukua ile karatasi ya moyo, nikaigeuza, nikamwambia, bosi, nimekusikia, ila kabla hatujakumbatiana andika hapa kwamba kituo kinapata mtu wa nne. Akamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali. Akaandika, akaweka sahihi. Ndipo tukakumbatiana, wakapiga picha."

"Na hukumsahihisha?"

"Ningemsahihisha angeaibika mbele ya mkubwa wake. Mtu akishaaibika haandiki."

"Kwa hiyo mama hakutajwa."

"Hakutajwa."

Nilimrushia suruali yake na pini zikiwa bado zimo. Nikamwambia aende akapindiwe na meneja, si wameshakuwa ndugu. Kumwuza mama yako kwa karatasi! Alisema nilikuwa sielewi, nikamwambia nimeelewa vizuri sana, ondoka. Mwezi mzima sikumpigia simu na yeye hakunipigia.

Mtu wa nne akaja kweli, hilo siwezi kumnyima. Presha akanitokea dukani na begi mkononi. "Nimepewa siku tano. Twende." Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu bila mimi asingejua alipolazwa.

Njia nzima sikumsemesha. Tulipofika makaburini akanitangulia kama mtu anayepajua. Safu ile ina makaburi mengi, mengi hayana hata kibao. Akafika kwenye moja lenye saruji mpya, akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu yake, akaanza kulia kwa sauti. "Mama, nimechelewa. Nisamehe mama, nimechelewa." Mimi nilisimama nyuma yake hatua nne hivi. Niliona. Na nilinyamaza, nasema ukweli, nilinyamaza kwa makusudi, kwa sababu hasira ilikuwa bado inanichoma. Nikamwacha alie mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo nikamwambia, "Siyo hapo, kaka. Mama yuko kwenye lile la tatu kutoka hapo."